Mstari wa Kisigino

Huwaishil anazima gari mbali na mchanga,
kama mtu anavyozima redio akikaribia msiba.
Tochi hatuwashi. Macho yatazoea.
Mimi nashika daftari, yeye anashika futi,
upepo wa Juni wa Masirah unatushika sote kooni.

Kuanzia pipa lenye kutu hadi jiwe lililopasuka:
kilomita moja na nusu, Mei hadi Agosti,
mwaka wangu wa kumi na tisa.
Wenyewe siwaoni sana. Nahesabu walikopita.

Kasa hutupa mikono yote miwili kwa pamoja,
njia yake hutoka kama ngazi iliyolazwa.
Duvi huburuta mmoja, kisha mwingine,
kama mwanamke mwenye ndoo mbili zisizolingana;
alama zake ni koma, koma, koma,
sentensi isiyotaka kufika nukta.

Nikishaandika, napitisha kisigino juu ya njia yake,
mstari mmoja, kesho nisije nikamhesabu tena.

Neno duvi nimelirithi.
Mama, Bi Shinuna, alitoka Unguja na sanduku moja,
akamfuata fundi umeme hadi kisiwa hiki kisicho na mti wa maana,
akaajiriwa kuhesabu kwa sababu hakuogopa giza
na mwandiko wake ulisomeka.
Tarehe na upepo aliandika kwa Kiarabu.
Wanyama aliwaandika kwa lugha ya kwao.
Ofisini Muscat wakauliza kwa barua:
huyu Duvi ni nani, na mbona haugui hata siku moja?

Ninayo madaftari yake, yamevimba kwa chumvi.
Usiku mmoja umejaa vijiti, vitano vitano,
vimepanda pambizoni, vimezunguka ukurasa,
na chini kabisa, kwa penseli butu:
*karatasi imekwisha, wao bado.*

Leo ni kumi na mmoja.
Saba wametaga. Wanne wamepanda wakageuka:
mmoja kwenye makovu ya magurudumu,
wawili pale taa mpya ya mkahawa inapoangukia.
Wa nne sijui. Mchanga ulikuwa mzuri.
Naandika: *sababu haionekani.*

Huwaishil anapima shimo, hasemi.
Utotoni walichota mayai kwa kofia, aliwahi kunambia,
ute wake haugandi hata uchemshe mpaka adhuhuri.
Alinambia bila aibu na bila kucheka,
kisha akaendelea kupima.

Karibu na jiwe tukamkuta mmoja amechelewa,
jua linachomoza naye bado anafukia,
anarusha mchanga nyuma bila kuangalia unamwangukia nani.
Ulimwangukia Huwaishil, ndevu zote.
Kwenye kikono cha kushoto palikuwa na tundu lililopona.
Pini ilikwisha ng'oka, na namba yake imekwenda nayo.
Nikaandika: *huyu alishawahi kushikwa.*
Hakuna safu ya maneno hayo. Nikaandika ukingoni.

Saa mbili nampigia mama, yuko Hilf, macho hayaoni tena.
Wangapi?
Kumi na mmoja.
Mia na kumi na mmoja?
Upepo unapuliza ndani ya simu.
Katika daftari sijapata kuongeza hata kijiti.

Mama, nasema, mmoja ana tundu kwenye kikono.
Kikono gani?
Cha kushoto.
Akanyamaza. Nikasikia kikombe kinawekwa juu ya sahani.
Basi huyo ni wangu, akasema.
Mimi nilikuwa nabana kushoto.

Wote hubanwa kushoto, ndiyo kanuni,
tangu zama zake mpaka leo.
Nikasema: ndiyo, mama. Alikuwa mkubwa.
Alikuwa na haraka?
Hapana.
Ndiye, akasema. Ndiye huyo.